Ukianguka leo, nani atakusemea?

Leo naacha presha na kisukari pembeni, tuzungumze jambo ambalo wengi wetu hapa Uingereza tunalikwepa.

Mzee mmoja wa kwetu alipata kiharusi akaletwa wodini nilikokuwa zamu. (Nimebadilisha mambo mawili matatu ili asitambulike.) Mkono wa kulia ukafa, na maneno yakapotea. Mkewe wa miaka zaidi ya thelathini alikaa kando ya kitanda akijua kwamba yeye ndiye msemaji. Na kwetu ndivyo. Nilisomea uuguzi Tanzania, na huko mgonjwa asipojiweza daktari huita ndugu, wanakaa kikao, mambo yanakwisha. Nilipokuja kusoma tena huku ndipo nilipoelewa kwamba sheria inaona vingine. Mke, mume, kifungua mimba, hakuna anayepata mamlaka kwa undugu peke yake. Madaktari wanatakiwa kuwasikiliza ndugu, lakini mwisho wao ndio wanaoamua, kwa kuangalia maslahi ya mgonjwa.

Hilo mama alilimeza. Lililomliza ni benki. Akaunti ilikuwa kwa jina la mzee tu, na pango, gesi na umeme vyote vilitoka humo. Alikwenda na cheti cha ndoa mkononi, wakamwambia pole mama, hatuwezi. Ikabidi aombe Court of Protection imteue kusimamia mali ya mumewe. Huko ni kungoja miezi, kulipa ada juu ya ada, halafu kila mwaka uandike ripoti ya matumizi. Wakati huo pango tulichanga sisi, bahasha ikipita msikitini na kwenye maharusi. Na mzee ana pesa zake benki!

Dawa yake ipo, ila inanywewa kabla ya kuugua. Ni hati ya uwakili wa kudumu, ambayo huku wanaiita kwa kifupi LPA. England na Wales imekuwepo tangu Oktoba 2007, chini ya sheria ya mwaka 2005. Zipo mbili: moja ya mali na fedha, nyingine ya afya na matunzo. Ya afya haifanyi kazi mpaka ushindwe kuamua mwenyewe. Ya fedha inaweza kutumika hata ukiwa na akili timamu, ukiruhusu. Sharti uwe umefika miaka 18 na unaelewa unachosaini. Uraia hauulizwi. Hulazimiki kuwa na wakili wa sheria. Fomu unajaza mwenyewe, na mtu huru, kwa mfano rafiki anayekujua kwa miaka miwili au zaidi, anathibitisha kwamba hukulazimishwa. Kisha inasajiliwa Office of the Public Guardian. Ada ni chini ya pauni 100 kwa kila hati, na mwenye kipato kidogo anaweza kupunguziwa. Usajili wenyewe huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo usingoje gari la wagonjwa.

Najua mtasema nesi analeta uchuro. Mama yangu mzazi aliniambia hivyo hivyo kwenye simu. Lakini mbona bima ya gari tunakata na hatusemi tunaita ajali?

Tatizo kubwa ninaloliona ni kuchagua mtu. Sisi tunatazama ukubwa: kaka mkubwa, mtoto wa kwanza, hata kama hamjaonana miaka sita. Mimi nasema mtazame anayepokea simu usiku, asiyekopa hovyo, na anayeweza kumwambia daktari "hapana, yeye asingetaka hivyo" bila kutetemeka. Kaka mkubwa mpe heshima yake kwa njia nyingine. Wapo wanaotumia hati hizi kuiba, nisiwadanganye. Ndiyo maana unaweza kuweka wawili wanaotakiwa kukubaliana, au kuandika masharti, na unaweza kuifuta wakati wowote ukiwa bado na akili zako.

Msiichanganye na wosia. Hati hii inakufa pamoja nawe. Wosia ndio unaanza hapo. Na msidhani itauza kiwanja chako Kigamboni au Mombasa. Mali ya nyumbani inataka hati iliyotengenezwa kwa sheria za huko, muulize wakili wa huko. Walioko Scotland na Northern Ireland nao wana utaratibu wao tofauti.

Mimi nilijaza zangu mbili mwaka ule ule wa yule mzee. Ya fedha nimemwachia mume wangu. Ya afya nimempa mdogo wangu wa kike, kwa sababu mume wangu akiona damu anazimia, naye anajua hivyo. Alinuna siku mbili, kisha akasaini kama shahidi.