Mwambieni Mtoto Kilichomo Chunguni

Ndugu wazazi, nina neno nanyi, na nalitoa Majengo ya Moshi nilikokulia.

Kila Desemba, Wachagga wanapomiminika nyumbani, nasikia watu wa rika langu wakisimulia miaka ya 1980 kana kwamba ilikuwa harusi. Eti tulikuwa maskini lakini wenye furaha! Haikuwa harusi. Vita ya Kagera ilikwisha mwaka 1979 ikaacha hazina tupu, na Mwalimu Nyerere akatuomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Baba alikuwa akisema miezi hiyo haikuwa na Desemba. Mpaka wa Kenya ulifungwa tangu 1977 hadi 1983, hivyo sabuni ya Taveta ilitufikia kwa njia za panya. Isipofika, mama alifulia majani ya mpapai. Kwenye duka la kaya tulipanga foleni ya sukari tangu alfajiri, mtu anaweka jiwe lake kushika nafasi, ilhali mashamba ya miwa ya TPC yako kule chini, mwendo wa baiskeli tu. Ugali ulikuwa wa unga wa njano wa msaada. Tuliuita unga wa Yanga, na baba, Simba damu, aliula amefumba macho ili tucheke.

Basi tulichekea nini? Wako wanaojibu kwamba shida hufunza. Mimi na kaka yangu tulivaa jozi moja ya katambuga kwa zamu, naye akaacha shule darasa la tano. Hata leo hapendi jambo hilo litajwe. Shida ile ilimfunza nini?

Jibu langu ni mkeka. Mwisho wa mwezi baba aliutandika uani, akamwaga mshahara wake wa gereji, akauhesabu mbele yetu sote: hii ya kodi, hii ya unga, hii ya mkaa. Kisha akauliza, "Mafuta ya taa hayatoshi. Mnasemaje?" Nikasema tulale mapema. Hoja ikapita! Wiki ile nililala gizani kwa fahari, maana giza lile nililipitisha mwenyewe.

Leo mzazi anakopa ili mwanawe asijue kwamba hakuna. Anamwambia "kesho", halafu usiku anagombana na mwenzake kwa minong'ono. Mtoto hajalala, jamani. Anasikia nusu ya maneno, na nusu iliyobaki anaijaza kwa hofu yake. Mwiteni akae nanyi. Mwonyesheni kilichopo, mumwombe na shauri.

Mtaniambia namtwika mtoto mzigo wa wakubwa. La. Kuna la kumwambia na la kumstahia. Deni la dukani baba hakutuambia mpaka alipokwisha kulilipa, na alifanya vyema, kwa sababu mtoto hana la kulifanyia deni. Lakini taa anaweza kuizima.

Mwezi mmoja hesabu iligoma kabisa. Mama alikuwa amenyamaza akichambua maharage ya kiburu. Mdogo wetu wa mwisho, hata shule hajaanza, akaingia ndani, akarudi na senti 50 alizopewa na shangazi aliyeteremka na ndizi kutoka Uru. Akaziweka juu ya fungu. Baba hakucheka wala hakumrudishia. Alianza kuhesabu upya tangu mwanzo, akafika kwenye ile sarafu, akaiandika daftarini na jina la mwenyewe mbele yake.