KIJANA SI MSUMARI

Kila mwaka unapokaribia kwisha, hapa kwetu Kiwalani husikika neno moja vibarazani na katika kituo cha Bombom: "Mwanangu nampeleka shule ya jeshi akanyooshwe." Husema hivyo mzazi mwenye mtoto mtundu, na husema hivyo hivyo mzazi mwenye mtoto mtulivu asiye na kosa lolote. Shule ya jeshi imekuwa kama dawa ya kunywesha watoto wote bila kupima ugonjwa.

Mimi sina ugomvi na shule hizo. Jitegemee ya Jeshi la Kujenga Taifa iko pale Mgulani, Makongo iko jirani na kambi ya Lugalo, na Airwing tunayo upande wa Ukonga, si mbali. Zote zimesomesha watoto wa askari na watoto wa raia pamoja, na Makongo ikajipatia jina hata katika kandanda. Ugomvi wangu ni na hilo neno "kunyooshwa". Nani anamnyoosha nani, na kwa faida ya nani?

Tuanzie Tabora, maana huko ndiko desturi nyingi za mabweni yetu zilikopata mizizi. Shule ya Serikali ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1925. Serikali ya kikoloni iliikusudia hasa kwa watoto wa machifu, ikaikata kwa kipimo cha shule za mabwana wa kwao Uingereza: bweni, kiranja, zamu, michezo ya jioni, na kengele inayotawala kila saa ya siku. Shabaha yao haikuwa siri. Walitaka vijana wa kuwasaidia kutawala, wanaojua kutii walio juu na kuamrisha walio chini. Kwa hiyo kiranja alipewa heshima yake, upendeleo wake, hata chakula chake.

Basi tazameni mambo ya dunia. Katika shule hiyo hiyo akaingia mwaka 1937 kijana kutoka Butiama, Julius Nyerere, akakaa mpaka 1942. Inasimuliwa kwamba alipofanywa kiranja hakupendezwa na desturi ya viranja kupewa posho ya chakula mara mbili kuliko wenzao, akaipinga. Wakoloni walijenga shule ya kutoa wanyapara, ikawatolea mtu wa kuwaondoa. Wamo pia Abdallah Fundikira na Rashidi Kawawa katika orodha ya waliosoma Tabora.

Baada ya Uhuru hatukuivunja Tabora. Tuliichukua, na kwa miaka mingi vijana wake walivaa sare za kijeshi na kufunzwa kwata. Mimi nasema hapo hapakuwa na kosa. Taifa changa lilihitaji vijana wanaoamka alfajiri, wanaokimbia mchakamchaka, wanaotandika vitanda vyao wenyewe na kushika jembe. Mwongozo wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967 ulitaka kila shule iwe na shamba lake au kazi yake ya kuzalisha, ili msomi asimdharau baba yake mkulima. Kijana aliyelima hekari ya mahindi kabla ya kufungua kitabu cha hesabu hakudhurika. Wengi wa waliojenga nchi hii ni zao la maisha hayo.

Lakini pamoja na kwata, tulirithi na takataka. Kila aliyelala bweni analijua jina "njuka". Ndilo jina la mgeni, mtoto aliyeshuka jana na tranka lake. Njuka humfulia mkubwa, humchotea maji, huamshwa usiku wa manane aimbe au aruke kichura, na akikosea hupigwa na mvulana aliyemzidi miaka mitatu tu. Mwakani naye hungoja njuka wake, alipe deni kwa mtu asiyemkopa. Ukiuliza, utaambiwa: "Ndiyo mila ya shule, hata sisi tulipitia." Mila? Mila ya nani?

Wazee wetu wa pwani hii walikuwa na jando. Kijana aliingia kumbini, akaona baridi, njaa na maumivu ya kisu cha ngariba. Ilikuwa shule ya bweni kabla Mzungu hajaja na kengele yake. Lakini kumbi halikuachwa mikononi mwa watoto. Alikuwapo kungwi, mtu mzima mwenye jina lake mjini, na mtoto akipatwa na jambo, kungwi ndiye aliyeulizwa. Katika mabweni mengi ya leo, taa zikizimwa mtu mzima yuko nyumbani kwake, na utawala wa usiku huachiwa mvulana wa kidato cha sita.

Wapo watakaosema kwamba bila ukali hakuna nidhamu. Haya, tuwaulize askari wa 1964. Hakuna chuo kilichokuwa kikali kuliko kambi za Keya. Amri zilikuwa amri, na saluti zilikuwa saluti. Tarehe 20 Januari 1964 askari hao hao waliofinyangwa kwa amri waliasi katika kambi ya Colito, ambayo sasa ndiyo Lugalo. Madai yao yalikuwa na haki ndani yake, maana mishahara ilikuwa duni na maofisa Waingereza walikuwa wangali juu yao zaidi ya miaka miwili baada ya Uhuru. Lakini mji uliingiwa na hofu, maduka yakaporwa, watu wakafa, na tarehe 25 nchi huru ikalazimika kuwaita wanajeshi wa Uingereza waje kuwanyang'anya silaha askari wetu wenyewe. Aibu ile haikufutwa kwa kuongeza viboko. Jeshi la Wananchi lililoanzishwa Septemba mwaka ule ule lilijengwa kwa vijana waliojua kwanza wanamtumikia nani, wengi wao kutoka Umoja wa Vijana wa TANU na Jeshi la Kujenga Taifa, lililokuwa limeanzishwa 10 Julai 1963.

Na mkuu wa kambi naye apimwe. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga sheria ya kulitumikia taifa, ambayo ingewakata sehemu kubwa ya mishahara yao kwa kipindi cha utumishi. Mwalimu aliwafukuza karibu 400. Wengi hukumbuka hilo la kufukuza. Wachache hukumbuka kwamba siku hiyo hiyo alitangaza kuukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Yule kiranja wa Tabora alikuwa hajabadilika.

JKT ya lazima ilisimamishwa mwaka 1994, ikarudishwa 2013 kwa waliomaliza kidato cha sita. Vema. Huko kijana huenda akiwa mtu mzima, na mkufunzi wake anajulikana. Mtoto wa miaka kumi na minne ni jambo lingine.

Sheria ya nchi iko wazi kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Kanuni za adhabu ya viboko, kama zilivyopunguzwa mwaka 2002, haziruhusu kupita viboko vinne, navyo hutolewa na mkuu wa shule, au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, na kila adhabu sharti iandikwe katika kitabu. Kiranja hana fimbo katika sheria hiyo. Na hata mwalimu mwenye fimbo aweza kuipita mipaka: mwaka 2018 mwanafunzi wa shule ya msingi huko Bukoba alifariki baada ya kuchapwa na mwalimu. Alikuwa mtoto wa kutwa, anayerudi kwao kila jioni. Je, huyu wa bweni, anayeonana na mama yake mara chache kwa mwaka, atamwambia nani?

Kwa hiyo, ndugu zangu wa Kiwalani mnaonunua tranka na ndoo mwezi huu, lipeni karo na mpelekeni kijana. Siku ya kumfikisha msiishie getini kupiga picha na afande. Ulizeni ni mwalimu gani analala karibu na bweni, na jina lake ni nani. Ulizeni kiranja anakula chakula gani. Kisha ombeni kuona kitabu cha adhabu cha mwaka uliopita, na mkiambiwa hakipo, rudini na mtoto wenu kwa daladala ile ile.