Alama ya Mwendo ni Kipimo, si Pambo

Siku hizi watunzi wengi wa nyimbo za kwaya, pamoja na baadhi ya walimu wa muziki, hawaandiki tena nota kwa kalamu na rula. Huziandika kwa programu za kompyuta kama vile MuseScore, Sibelius na Dorico, ambazo huchora mistari mitano, hupanga nota, na papo hapo huucheza wimbo ili mtunzi asikie alichokiandika. Manufaa yake ni makubwa. Hata hivyo, limo kosa moja, dogo kwa macho, ambalo kwa maoni yangu lastahili kujadiliwa na watu wa sayansi sawasawa na watu wa sanaa, kwa kuwa chanzo chake ni kusahau kipimo.

Si zamani nilialikwa kuisikiliza kwaya ya vijana. Wimbo ulikuwa wa maombolezo, na juu ya ukurasa wa kwanza mtunzi alikuwa ameandika kwa herufi nzito: Taratibu, kwa huzuni. Vijana wakauimba mbio mbio, kama watu wanaoliwahi basi la mwisho. Nilipouliza sababu, mwalimu wao alinijibu kwa adabu, "Ndivyo kompyuta inavyouimba, Dokta, nasi tulijifunza kwayo."

Mwalimu yule alisema kweli. Mtunzi alikuwa ameyaandika maneno yake kama maandishi ya kawaida, akayanenepesha na kuyasogeza hadi mahali pake. Jicho likaona alama ya mwendo; kompyuta ikaona maneno tu, ikayapita. Nayo kompyuta isipopewa mwendo haisiti kucheza: hutwaa mwendo wake yenyewe. Kwa kanuni ya mafaili ya MIDI, faili lisilo na agizo la mwendo huhesabiwa kuwa kila nota ya robo hudumu mikrosekunde 500,000, yaani mapigo 120 kwa dakika. MuseScore nayo hufuata tarakimu hiyo hiyo. Wimbo ule ulikuwa na vifungu 48 vyenye mapigo manne kila kimoja, jumla mapigo 192. Mtunzi alikusudia mapigo 72 kwa dakika, basi wimbo ungechukua dakika 2 na sekunde 40. Kwa mwendo wa kompyuta ulimalizika kwa dakika 1 na sekunde 36. Maombolezo yakageuka gwaride.

Zipo desturi za uchapaji wa alama hii, nazo hazikuwekwa kwa urembo. Neno la mwendo huandikwa kwa herufi nzito zilizosimama, juu ya mistari, likianzia sambamba na zile tarakimu mbili za mizani. Kipimo cha metronomu hulifuata kwa herufi nyepesi, aghalabu katika mabano. Maneno ya hisia hulazwa, ili mwimbaji ayatofautishe na mwendo hata kwa kutupa jicho mara moja. Tatizo ni kwamba sura hii yote yaweza kuigwa kwa maandishi matupu. Mwigo huo hufichuka siku ya kutoa nakala za kila sauti: alama halisi ya mwendo huonekana katika nakala zote, bali maandishi yaliyofungwa kwenye mistari ya soprano hubaki kwa soprano peke yao. Mpiga kinanda hupewa ukurasa usiosema lolote juu ya mwendo, kisha hulaumiwa kwa kuchelewa.

Jambo hili lilizidi uzito mwezi Agosti 2024, wenye programu ya Finale, iliyokuwapo tangu mwaka 1988, walipotangaza kwamba hawataiendeleza tena. Njia kuu ya kuhamishia kazi katika programu nyingine ni muundo uitwao MusicXML. Katika muundo huo maneno huwekwa mahali pake, alama ya metronomu ionekanayo mahali pake, na mwendo wa kuchezea mahali pake; kimoja chaweza kuwapo bila kingine, au hata kupingana nacho. Aliyeandika maneno matupu atahamisha maneno matupu.

Wako watakaosema kuwa tarakimu huua roho ya muziki. Siafiki. Maelzel alisajili metronomu yake mwaka 1815, na mwaka 1817 Beethoven alitangaza tarakimu za simfonia zake nane. Sonata yake ya Hammerklavier ina alama ya nota ya nusu 138 kwa dakika, na wapigaji wengi huona ni kasi mno, wakaipiga polepole zaidi. Lakini wanajua wanaachana na nini. Kwaya ile haikujua.

Wala sishauri tuyaache maneno yetu. Baadhi ya programu hulitambua neno la Kiitalia kama Allegro au Andante na kulipatia tarakimu kutoka katika jedwali lao; sijapata kuona jedwali lenye neno Taratibu. Hiyo si sababu ya kuandika Kiitalia kwa waimbaji wa Kiswahili. Mtunzi aandike Taratibu kwa kutumia amri ya alama ya mwendo, kisha ataje tarakimu na nota inayopimwa. Nota hiyo isipuuzwe: katika mizani ya 6/8 pigo kuu ni robo yenye nukta, na mtu akiisahau nukta, wimbo wa mapigo 60 huchezwa kwa mapigo 40.

Mwalimu wa fizikia aweza kusaidia bila umeme. Jiwe lililoning'inizwa kwa uzi wa sentimita 69 hivi huvuka toka upande hadi upande mara 72 kwa dakika. Kwa mara 120, uzi uwe karibu sentimita 25. Kwaya ile ilifanya jaribio hilo kwa jiwe la ukubwa wa limau, wakiimba huku wamelikazia macho. Jioni ile mwalimu aliyafuta maneno ya mtunzi, akayaandika upya kama alama ya mwendo yenye tarakimu 72, akatoa nakala mpya. Safari hii na mpiga kinanda alipata mwendo wake.