Shahada ya jioni huanza kwa hesabu ya saa

Kila alfajiri vijana wa Kibera huenda kwa miguu hadi Eneo la Viwanda, na wenzao wa Kawangware huelekea Lavington na katikati ya jiji. Miongoni mwao wamo makarani na wauzaji ambao hutuuliza sisi walimu: je, nijiandikishe kwa shahada ya biashara huku nikiendelea na kazi? Swali hili halijibiwi kwa kusema tu kwamba elimu ni bahari.

Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kiliwafungulia mlango wanafunzi wa kujilipia karo, na masomo ya jioni yakashamiri. Mpango huo ukaitwa sambamba. Kwa sisi tunaochunguza maneno, jina hilo lina onyo ndani yake: mistari sambamba huenda pamoja lakini haikutani kamwe. Ndivyo ilivyo shahada isiyogusa kazi ya mwenye kuisomea.

Karo huhesabiwa na kila mtu, saa husahauliwa. Atokaye kazini saa kumi na moja, akae darasani hadi saa mbili usiku, kisha angojee matatu ya Kawangware, atadurusu saa ngapi? Mshika mbili moja humponyoka, na ikiponyoka kazi, karo nayo haina wa kuilipa.

Kwa hivyo, mfanyakazi na amwulize kwanza mwajiri wake: cheti hiki kitabadilisha nini? Ikiwa kinachotakiwa ni uhasibu, mitihani ya KASNEB hufanywa kwa ngazi, naye aweza kulipia hatua moja, apumue, kisha aendelee. Ikiwa ni shahada hasa, Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichozinduliwa mwaka 2023, hufundisha biashara na ujasiriamali kwa njia ya mtandao. Hapo nauli huokolewa, ingawa data za simu hununuliwa, na utulivu katika chumba kimoja chenye watoto ni adimu.

Sisemi kwamba mkazi wa Kibera asitamani shahada. La hasha! Zipo nafasi ambazo asiye nayo hata barua yake haifunguliwi. Nasema ushauri wetu usiwe wa kumsukuma mtu langoni na kumwacha hapo. Walimu wenzangu, tuketi naye na kalamu, tuhesabu saa zake za juma zima. Nanyi wanafunzi, ifanyeni hesabu hiyo kabla ya kulipa shilingi ya kwanza.