Kiingilio Si Mchango

“Kiingilio hakirudishwi.” Maneno haya hupigwa chapa chini ya tiketi kwa herufi ndogo, lakini vichwani mwetu yameingia kwa herufi kubwa. Nimeyasikia Mwanjelwa hapa Mbeya, nimeyasikia Miyomboni kule Iringa, nimeyasikia hata kwa mwalimu wa uraia aliyenieleza kwa upole kwamba ndivyo ilivyo, pesa ya burudani ikishatoka imetoka. Kinachoniuma ni kwamba wanaoyatetea kwa nguvu zaidi si waandaaji wa maonyesho. Ni watu waliopoteza pesa zao wenyewe mwaka 2020, wakaona aibu kuzidai, kisha wakaigeuza aibu hiyo kuwa kanuni.

Mimi ni mmoja wa waliopoteza. Mwanzoni mwa Machi mwaka ule nilikata tiketi nne za usiku wa maigizo na vichekesho uliopangwa kufanyika hapa Mbeya mwishoni mwa mwezi, shilingi elfu kumi kila moja. Nilizikata mapema kwa ajili ya shangazi yangu wa Tukuyu, ambaye maigizo yote anayoyajua ameyasikia redioni. Tarehe 16 Machi Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Kesho yake Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, akafunga shule na kuzuia mikusanyiko, yakiwamo matamasha na michezo, kwa siku 30. Kwa hilo simlaumu mwandaaji hata kidogo. Nilimpigia simu, akaniambia, “Dada, tuvumilie mwezi mmoja.” Nikavumilia. Siku 30 zikaisha na zuio likaongezwa, safari hii bila kikomo. Nikapiga tena: “Tunaisikiliza serikali.” Mei simu iliita bila kupokelewa. Nilipompata Julai alikuwa na jibu moja tu, na alilitoa kama mtu asomaye maandiko: “Dada yangu, kiingilio hakirudishwi. Angalia kwenye tiketi.”

Nikaangalia. Kweli yalikuwa yameandikwa.

Sasa tulitazame neno lenyewe, maana Kiswahili kimeshaitoa hukumu hii kabla ya hakimu yeyote. Kiingilio ni malipo ya kuingia. Asiyeingia, kwa sababu mlango haukufunguliwa, amelipia nini? Kama ningejisikia uvivu siku ile nikabaki nyumbani ilhali jukwaa linawaka taa, hapo ningestahili kuambiwa pesa hairudi. Kiti changu kilitengwa, waigizaji walicheza, uzembe ni wangu. Kwa mtu wa namna hiyo maneno yale madogo yana haki yake. Lakini kuyachukua na kumbandika mtu ambaye onyesho lake halikuwapo kabisa ni kuyabebesha mzigo yasiouweza.

Nadhani najua tulikopotea. Sisi ni watu wa michango. Tunachangia harusi, tunachangia msiba, tunachangia ujenzi wa kanisa na ada ya mtoto wa mwenzetu, na hakuna mwenye adabu anayedai mchango wake urudi. Harusi ikiahirishwa tunanyamaza, maana tulitoa ili kubeba mzigo pamoja na wenzetu, hatukutoa ili kununua sahani ya pilau. Tabia hii ni nzuri na sitaki ife. Ila waandaaji wa maonyesho wameiegemea bila kutuomba. Wanachukua kiingilio kama wafanyabiashara, na mambo yakiharibika wanakigeuza kuwa mchango. Anayetaka mchango auombe. Mwaka ule ningeombwa, huenda ningetoa: wasanii walikaa miezi mitatu bila jukwaa, na elfu kumi kwa mchekeshaji aliyekosa kodi ya chumba ni pesa iliyokwenda mahali pema. Kumpa mtu kwa hiari na kunyang’anywa kisha ukaambiwa ulikuwa ukarimu ni mambo mawili tofauti.

Mbona mahali pengine hatukubali? Fundi cherehani akichukua kianzio cha gauni la sikukuu kisha mashine ikafa, anarudisha kitambaa na pesa, la sivyo ukoo mzima utahamia kibandani kwake. Basi likishindwa kuondoka stendi ya Nane Nane alfajiri, kondakta anayetamka kwamba nauli hairudi atajuta kuzaliwa na mdomo. Muuza viazi wa Uyole aliyepokea pesa ya gunia na gunia halikufika hatasema “kiazi hakirudishwi”. Ni kwenye sanaa peke yake tunapojishusha, na hapa nahisi kuna jambo baya zaidi ya pesa: ndani ya mioyo yetu bado tunaamini kwamba kwenda kutazama igizo ni anasa, na mtu aliyepoteza pesa ya anasa hana uso wa kulalamika.

Wale wanaoniambia kwamba sheria iko upande wa mwandaaji, naomba waifungue. Sheria ya Mikataba ya nchi hii, Sura ya 345, kifungu cha 56, inasema mkataba wa jambo lililokuja kuwa haliwezekani, au lililogeuka kuwa haramu baada ya watu kukubaliana, unabatilika. Kifungu cha 65 kinaongeza kwamba mkataba ukibatilika, aliyepokea faida kutokana nao anapaswa kuirudisha au kuilipia fidia. Hakuna mstari unaowatoa wachekeshaji. Sheria hiyo ya mwaka 1961 ilifuata nyayo za Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, iliyotumika Tanganyika kabla yake, na ile ya India ilikuwa na mifano ya kufundishia. Mmoja ni wa mwimbaji aliyelipwa rupia 1,000 mapema ili aimbe kwenye onyesho, akaugua, akashindwa kuimba. Sheria inasema hadaiwi faida ambayo mwenzake angeipata. Lakini rupia 1,000 azirudishe. Ugonjwa, jukwaa, malipo ya mapema: yote yalikwisha kufikiriwa miaka 148 kabla ya korona.

Waingereza wenyewe walichelewa kuliko sheria waliyowatungia Wahindi. Mwaka 1902 watu wa London walikodi vyumba vyenye madirisha ya kutazamia msafara wa kutawazwa Mfalme Edward VII, mfalme akaugua, msafara ukaahirishwa. Mmoja wa waliokodi alikuwa ametanguliza pauni 100. Akazidai, na mwaka 1904 mahakama ikamwambia kilicholipwa kimelipwa, tena ikamtaka amalizie salio. “Kiingilio hakirudishwi” kwa Kiingereza! Ilipofika 1942 mahakama ya juu kabisa ya huko iliutupilia mbali msimamo huo. Wenye imani hii waliizika miaka zaidi ya 80 iliyopita, na sisi bado tunaichapa kwenye karatasi.

Utetezi wa kawaida ni huu: “Hatujafuta, tumeahirisha. Tarehe itatangazwa.” Hapa ndipo mwaka 2020 ulipotufundisha, kama tulikuwa tayari kufundishwa. Hakuna aliyejua lini. Kumbukeni mpira peke yake. Tarehe 21 Mei Rais Magufuli alitangaza michezo irudi kuanzia 1 Juni. Kukatangazwa kwamba mechi zilizobaki zingechezewa Dar es Salaam na Mwanza, na sisi wa nyanda za juu tukajiona tumeachwa. Kisha uamuzi ukabadilishwa, kila timu ikarudi uwanja wake. Tarehe 28 Juni Simba wakatoka suluhu na Tanzania Prisons hapa hapa Sokoine na kutwaa ubingwa. Yote hayo ndani ya wiki sita. Waganda walisubiri zaidi kuliko sisi: kumbi zao za burudani, zilizofungwa Machi 2020, hazikuruhusiwa kufunguka mpaka 24 Januari 2022. Broadway ya New York ilifungwa 12 Machi 2020 ikidhani ni mwezi mmoja, tarehe ikasogezwa mara kadhaa, na maonyesho yake makubwa yakarejea Septemba 2021. Lakini kule kila tarehe iliposogezwa, mwenye tiketi alirudishiwa pesa au aliulizwa kama anataka siku nyingine.

Kuahirisha bila tarehe ni kumfanya mnunuzi akukopeshe bila kumwambia. Mimi nilinunua usiku mmoja wa mwishoni mwa Machi. Sikununua “siku moja, Mungu akipenda”. Anayetaka kunihamishia siku nyingine aniulize, na mimi niwe na haki ya kusema hapana, maana shangazi wa Tukuyu anavuna chai, ana vikao vya kanisa, ana magoti mabovu. Siku yake si mali ya mwandaaji.

Najua hasira ya waandaaji, na sitaipita juu juu. Mwandaaji mdogo wa Iringa au Mbeya si tajiri. Kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa ameshalipia ukumbi, kibali, mabango, mafuta ya gari la matangazo, na kianzio cha msanii anayetoka Dar es Salaam. Kiingilio cha wanaokata mapema ndicho kinacholipa hayo. Siku serikali ilipofunga, ile pesa haikuwa mfukoni mwake. Ilikuwa imetapakaa kwa mwenye ukumbi, mchapaji na msanii. “Nirudishe nini?” anauliza, na swali lake ni la kweli. Ila mnyororo ule ule unaweza kurudi nyuma. Mwenye ukumbi ambao haukutumika naye amepokea faida bila kutoa huduma, na kifungu cha 65 hakikumruka. Msanii aliyepewa kianzio vilevile. Mwandaaji aliyekaa kimya kwetu aliogopa kuwadai walio juu yake, akaona ni rahisi kuwanyamazisha mia tatu walio chini. Na kama kweli hakuna njia ya kurudisha yote, aje na hesabu: nilitumia hiki kwenye mabango, kimebaki hiki, nitakirudisha kwa awamu. Watu wa huku wanaelewa hasara. Wakulima wa mahindi wa Ismani na wa mpunga wa Usangu hawahitaji kufundishwa maana ya msimu kuharibika. Wasichokielewa ni simu isiyopokelewa.

Wala msiniambie kurudisha ni kazi ngumu. Tiketi zangu nilizilipia kwa simu. Namba yangu ilikuwa kwake, jina langu lilikuwa kwake, muamala ulikuwa na kumbukumbu. Pesa iliyojua njia ya kuja inajua njia ya kurudi, na kama tatizo ni makato, angeyakata nikapokea elfu thelathini na nane kwa shukrani.

Na sasa hasara iliyo kubwa kuliko arobaini yangu. Simama nje ya ukumbi wowote wa Mbeya au Iringa siku ya onyesho, saa moja kabla ya kuanza: ndani watu ishirini, nje umati. Hakuna anayekata mapema. “Nitalipia mlangoni” ndiyo sera ya mji mzima, na ina akili, maana mlangoni unaona taa zinawaka na muziki unapimwa. Lakini mwandaaji ambaye hapati shilingi mpaka jioni ya onyesho hawezi kuandaa kitu bila mfadhili, na mfadhili, awe kampuni ya bia au ya simu, anamfuata msanii mwenye jina. Matamasha makubwa kama Fiesta yatakuja, yatapiga usiku mmoja na kuondoka asubuhi kuelekea mkoa mwingine. Kikundi cha maigizo cha vijana wa Kihesa, Iringa, hakimpati mfadhili huyo. Kingeweza kuishi kwa tiketi mia mbili zilizouzwa wiki tatu kabla, na hizo ndizo hasa tulizoziua kwa maneno yale mawili. Wanaosema kurudisha viingilio kungeua sanaa ya nyanda za juu waje waitazame ilivyo sasa, baada ya miaka yote ya kutorudisha.

Mwaka jana vijana wa chuo wa Iringa waliniomba niwasaidie kuuza tiketi za igizo lao. Niliwaandikia mstari mmoja wa kuchapwa, mahali pale pale penye ule wa zamani: “Onyesho lisipofanyika siku iliyotajwa, pesa yako itarudishwa ndani ya siku saba kwenye namba uliyolipia.” Mmoja wao hakuupenda. Alisema tukitaja onyesho kutofanyika, watu watadhani halitafanyika. Tulibishana karibu saa nzima, na mwishowe wakauchapa kwa herufi kubwa, kwa sharti kwamba mhazini wao asiguse pesa ya tiketi mpaka pazia lifunguke.

Nikampigia shangazi. Zile tiketi nne za Mbeya bado anazo, amezihifadhi ndani ya kitabu cha nyimbo, na kila nikimtembelea huniuliza kama yule kaka amepiga simu. Nikamwambia kuna igizo Iringa, nauli nitalipa mimi, alale kwa binamu yake Ipogolo. Akanyamaza kidogo.

“Na hao, mwanangu, wakifungiwa wanarudisha?”

Nikamsomea ule mstari.

“Hebu soma tena,” akasema.