Kiangazi, Nyumba na Maktaba



Katika nchi za baridi, kama Uingereza na Kanada, maktaba za miji midogo huwa na shughuli nyingi wakati wa baridi kali. Watoto husomewa hadithi, wazee hukutana wakazungumza juu ya kitabu walichokisoma, na vijana hupata mahali pa kufanyia kazi zao za shule. Katika majira ya baridi ya mwaka 2022 kuingia 2023, gharama za umeme na gesi zilipopanda sana, maktaba nyingi za Uingereza ziliwakaribisha watu walioshindwa kupasha nyumba zao moto, wakae humo wasome. Watu wa huko wamefahamu ya kuwa msimu ambao kazi za nje zimepungua ndio msimu wa kitabu.

Sisi wa Mara hatuna theluji, wala usiku wetu haurefuki sana na kufupika kama wao. Lakini msimu wetu tunao. Masika yakisha kwisha, mahindi yakaingia ghalani na pamba ikauzwa, jembe hupumzika mpaka mvua za vuli. Mwezi wa Juni shule nazo hufunga, na watoto hurudi majumbani. Basi twauliza: siku hizo, kwa mtu wa Bugwema, wa Bunda au wa Butiama, hupita katika jambo gani?

Tunauliza kwa sababu jambo lenyewe si dogo. Kusoma si kama kuogelea, ambako mtu akijifunza utotoni hasahau. Kijana amalizaye darasa la saba, akakaa miaka mitano bila ya kufungua kitabu, huanza kusoma kwa kusitasita, kisha huona haya kusoma mbele ya watu, na mwisho humpa mwenzake barua yake amsomee. Hapo ndipo anapotia sahihi mkataba wa shamba asioujua, au anaponyunyiza dawa ya pamba kwa kipimo cha kubahatisha.

Jambo hili nchi yetu imekwisha lionja. Hesabu za serikali zilisema kuwa mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa kiasi cha asilimia 67. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mikoa yetu ya Ziwa, na Mara ikiwamo, ilikuwa imetangulia: mradi wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO, wenye makao yake Mwanza, ulifundisha watu kusoma kwa vitabu vya kazi zao wenyewe, vya pamba, vya uvuvi, vya ng'ombe na vya mapishi na malezi. Matunda yakaonekana. Kufika mwaka 1977 ilisemwa kuwa wasiojua wamebaki asilimia 27, na mwaka 1986 wakawa chini ya asilimia 10.

Lakini sensa ya mwaka 2002 ilionyesha kuwa watu wazima wapatao 3 katika kila 10 hawajui kusoma na kuandika. Ni kweli kwamba vipimo vya nyakati hizo havikuwa vya namna moja, na mtu asivilinganishe kama mizani ya duka. Hata hivyo funzo liko wazi. Maktaba za vijiji zilizoanzishwa katika miaka ya 1970 zilififia nyingi. Fedha zilikosekana, vitabu vipya havikufika, na vya zamani vilichakaa. Aliyefundishwa kusoma akakosa cha kusoma, na elimu isiyotumiwa huingia kutu kama panga lililosahauliwa kwenye umande.

Basi ni nini tulicho nacho leo? Tunayo Bodi ya Huduma za Maktaba. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, ikaanza kazi mwaka 1964, na Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa Dar es Salaam siku ya tarehe 9 Desemba 1967. Sheria ya mwaka 1975 ikaongeza nguvu zake. Nayo ina Maktaba ya Mkoa hapo Musoma mjini. Kazi za maktaba ya namna hii ni kuazimisha vitabu kwa wanachama, kuwapa watu mahali pa utulivu pa kusomea, kuwatazama watoto kwa vitabu vyao, na kutoa shauri kwa shule na vyama vinavyotaka kuanzisha maktaba zao. Kazi hii ya mwisho wengi wetu hatuijui, na kwa kutoijua hatuiombi.

Tunajua kuwa msomaji wetu wa Bugwema atajibu: "Musoma ni mbali, na nauli ya watoto wanne kwenda na kurudi ni fedha ya chumvi na sabuni." Jawabu lake ni la haki, nasi hatulipuuzi. Lakini kitabu hakidai nauli kama mtu. Zamani Ofisi ya Vitabu ya Afrika ya Mashariki, iliyokuwa na makao yake Nairobi, ilikuwa na desturi ya kupeleka masanduku ya vitabu mahali pasipo na maktaba, na kuwaazima watu vitabu kwa posta. Ofisi ile haipo tena, lakini shauri lake halikufa. Kwa hiyo twatoa mashauri haya, ambayo nyumba chache zikishikana zaweza kuyatimiza bila ya kungoja mfadhili.

Kwanza, nyumba saba au nane zichague mtu mmoja mwaminifu, ambaye hata hivyo huenda Musoma kwa biashara au kwa shughuli nyingine. Huyo ajiandikishe kuwa mwanachama, na mchango wa nyumba zote umsaidie ada na nauli. Aulize mezani masharti ya kuazima, na kama kikundi chaweza kupewa vitabu kwa pamoja. Swali lililoulizwa kwa adabu halimpunguzii mtu heshima.

Pili, liwepo sanduku lenye kifuniko, liwekwe juu ya mawe au meza, mbali na mchwa na mvua, na daftari la kuandika nani amechukua nini na siku gani. Kitabu cha kuazima ni amana. Anayekichelewesha amemdhulumu mtoto wa nyumba ya pili anayekingoja, na anayekipoteza amefunga mlango kwa kijiji kizima.

Tatu, iwepo saa ya kusoma nyumbani. Baina ya Magharibi na Isha panatosha. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, na bibi asiyejua kusoma awe wa kwanza kupewa kiti, kwani yeye ndiye atakayeuliza maswali mazuri kuliko wote. Taa ya sola siku hizi imeingia vijijini, basi isitumiwe kwa kuchajia simu tu. Wala simu hatuikatazi. Yaweza kubeba vitabu vingi. Lakini mtoto aliyepewa simu ili asome, mara nyingi hukutwa anatazama mengine.

Nne, na hili twalisema kwa mkazo, wazazi wamtazame binti. Likizo ikiingia, mtoto wa kiume hupata nafasi ya kucheza, na binti huongezewa ndoo za maji, kuni na kulea wadogo zake. Jioni ikifika amechoka, naye huambiwa kuwa hapendi kitabu. Akina baba, gaweni kazi kwa uadilifu. Ndoo mbili zikichukuliwa na kaka yake, dada hupata nusu saa, na nusu saa ya kila siku kwa mwezi mzima ni kitabu kimoja kilichokwisha.

Tano, walimu wa shule na wa madrasa waiandikie Maktaba ya Mkoa kuomba shauri juu ya rafu ndogo ya vitabu. Kila barua ni ushahidi kwamba wasomaji wapo, na maktaba isiyo na wasomaji ni rahisi kunyimwa fedha.

Wasidhani vijana wetu kwamba maktaba ni desturi ya kigeni tuliyoletewa. Jina lake lenyewe lina asili ya Kiarabu, na mababa wa Kiislamu waliweka vitabu wakfu kama walivyoweka visima. Cairo ilipata Nyumba ya Elimu mwaka 1005, ambamo waliokuja kunakili vitabu walipewa karatasi, wino na kalamu bila ya malipo. Na katika pwani yetu hii, Mombasa ilikuwa na Maktaba ya Seif bin Salim tangu mwaka 1903, pamoja na chumba cha kusomea bure. Karibu nasi zaidi, mtoto wa Butiama aliyezaliwa mwaka 1922 alipenda vitabu hata, akiwa katika kazi za urais, akafasiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili. Asiseme basi mtu wa Mara kwamba kitabu ni cha watu wa mijini.

Enyi wazazi, mali mnayowaachia watoto yaweza kugawanywa ikaisha, na ng'ombe waweza kufa kwa maradhi. Uwezo wa kusoma haugawanyiki, bali hupotea kwa kuachwa tu. Kiangazi kijacho pamba ikiuzwa, kabla fedha haijapata njia zake, tengeni kidogo kwa ajili ya ada na nauli ya mtu wenu wa vitabu. Mvua za vuli zikianguka, watoto wenu watalirudia jembe wakiwa na kitu kipya vichwani mwao.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe. Amin.