Gari Lako, Ufunguo Wao

Vijana wenzangu, Novemba 2021 kwenye maonyesho ya SEMA kule Las Vegas, Marekani, fundi na mwanayutyubu Rich Benoit alipeleka Tesla Model S inayonguruma. Yeye na wenzake walikuwa wameng'oa betri na mota ya umeme, wakafunga injini ya petroli ya V8, lita 6.2, ya aina iliyotumika kwenye Chevrolet Camaro. Eti dunia inakwenda kwenye umeme, huyu anarudi kwenye petroli!

Kichekesho, lakini tusiishie kucheka. Kazi yenyewe si ya mchezo. Betri ya gari lile ina uzito wa kama nusu tani na imelala chini ya sakafu. Ukiitoa, lazima ukate sakafu upate njia ya propela na ekzosi, utafute pa kuweka gia boksi, rejeta na tanki, halafu uhangaike na kompyuta ambazo bado zinaitafuta betri. Hakuna anayefanya hivyo ili kubana matumizi.

Benoit alijulikana kwa kununua Tesla mbovu na kuzifufua, huku akilalamika hadharani kwamba spea na taarifa za ufundi hazipatikani nje ya kampuni. Mwaka huohuo wa 2021, gereji aliyoshiriki kuianzisha ilipokea Tesla ambayo sehemu ya kupitishia maji ya kupoza betri ilivunjika. Mwenye gari alikuwa ameambiwa na kampuni abadilishe betri nzima, dola 16,000. Gereji ilitengeneza kile kipande kwa dola 700. Gari likatembea.

Sasa hapo ndipo sheria inapoingia. Darasani tunafundishwa kwamba umiliki ni fungu la haki: kutumia kitu, kukiuza, kukibadili. Lakini kama programu ya gari, spea zake na mwongozo wa ufundi vyote viko mkononi mwa aliyekuuzia, wewe umebaki na nini? Umebaki na kadi tu. Wapiga kura wa jimbo la Massachusetts waliliona hili. Mwaka 2020, karibu asilimia 75 yao waliunga mkono sheria ya kumpa mwenye gari, na fundi anayemchagua, haki ya kupata taarifa za gari lake. Watengenezaji wakakimbilia mahakamani. Nani anakimbilia mahakamani kwa jambo lisilo na faida?

Turudi nyumbani. Pikipiki na bajaji za umeme zimeshaingia Afrika Mashariki, na mimi naziunga mkono. Petroli inamla bodaboda kila siku. Na tusidanganyane kwamba mafundi wetu hawawezi: hapa Dar es Salaam magari ya petroli yanafungwa mifumo ya gesi asilia, na yanapiga kazi. Swali ni je, betri ikizingua, fundi wa Gerezani ataruhusiwa kuifungua?

Watasema umeme wa betri ni hatari. Kweli, unaua. Ndiyo maana fundi anapaswa kufundishwa na kupewa cheti, siyo kufungiwa nje. Serikali hii kila siku inatuambia vijana tujiajiri. Sawa. Kijana atajiajiri vipi kwenye gereji ambayo kila chombo kinachoingia kina kufuli la kampuni?

Sheria ya Ushindani ya 2003, kifungu cha 10, inakataza matumizi mabaya ya nguvu ya soko. Ni mwanzo mzuri, lakini bodaboda mmoja hawezi kusubiri miaka ya kesi huku pikipiki imelala. Tunataka sheria iseme waziwazi mambo matatu: anayeuza chombo cha umeme auze na spea zake kwa kila fundi, mwongozo na vifaa vya kupima hitilafu vipatikane kwa bei ya haki, na kampuni isizime kwa mbali chombo ambacho mtu amekwisha kukilipia.

Tuyadai sasa, wakati vyombo bado ni vichache. Waulizeni wabunge na madiwani wenu, na wagombea wetu pia wasiachwe. Umeme uje, lakini ufunguo ukae kwa mwenye mali.